FEDHA NA SHABA KATIKA CHUJIO LA MAJI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Homa Bay na Migori)

 

Wenye umri wanakumbuka kipindupindu. Kuanzia Juni 1997 hadi Machi 1998, watu zaidi ya 14,000 walilazwa hospitalini hapa Nyanza, na zaidi ya 500 wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba maji ya kunywa kutoka ziwani yalikuwa njia mojawapo ya kuambukizwa. Kwa hivyo mtu akija na chujio la udongo "lenye fedha", ni haki tumsikilize. Sio fedha ya mfukoni, jamani. Ni ile metali ya pete.

Chujio hilo lilibuniwa Guatemala mwaka wa 1981 na Fernando Mazariegos. Udongo huchanganywa na unga wa mbao, halafu huchomwa. Unga unateketea, unaacha vitundu vidogo sana vinavyozuia uchafu na vijidudu vingi. Fedha iliyopakwa humo huua vijidudu vinavyojaribu kukaa.

Sasa wataalamu wanaunganisha fedha na shaba katika chembe moja. Chembe hizo ni ndogo mno: ukipanga elfu kadhaa kwa mstari ndipo upate unene wa unywele. Huyeyusha chumvi ya fedha na chumvi ya shaba (ile ya shaba ni kama mrututu wa kunyunyizia nyanya) katika maji safi. Wanatia kitu kama wanga ili chembe zisishikane, kisha kemikali ya kuzirudisha kuwa metali. Fedha hugeuka upesi, shaba ni mkaidi, inataka kemikali yenye nguvu zaidi. Wengine hutengeneza shaba kwanza, halafu fedha inachukua nafasi ya shaba ya juu, kama shati juu ya mwili. Faida yake? Shaba ni rahisi kuliko fedha, nayo pia huua vijidudu. Lakini ikiwa peke yake inaharibiwa na hewa upesi.

Mama mmoja aliniuliza, "Tunaweza kupika hii jikoni, tukauza?" Hapana, mama. Chumvi ya fedha huunguza ngozi na macho, na ukikosea kipimo huwezi kuona kwa macho. Shirika la Afya Duniani linasema hadi miligramu 0.1 ya fedha katika lita moja ya maji inaweza kuvumiliwa. Na wale wanaouza maji ya fedha ya kunywa kama dawa ya kila ugonjwa, msiwape hata shilingi. Anayeyanywa kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi rangi ya kijivu, na haitoki tena.

Ndugu zangu wa Migori, nisikilizeni vizuri. Pale mnaposafisha dhahabu kwa zebaki, msitegemee chujio hili. Liliundwa kwa vijidudu, sio kwa zebaki. Kuchemsha pia hakuondoi zebaki. Tafuteni maji kwingine, mbali na mahali pa kuoshea.

Na maji yakishachujwa, msichovye kikombe. Huku Homa Bay mitungi yenye shingo nyembamba, kifuniko na mfereji inajulikana tangu miaka ya 2000, wakati wafinyanzi wetu walipoitengeneza. Chujio lenyewe likianza kutoa maji polepole, lisugueni kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Likipata ufa, hata mdogo, mnunue lingine.