Matope ya Gambuti: Magonjwa na Viumbe Vamizi kwa Vyura na Mijusi
(Mada kwa maofisa mazingira wa Kinondoni na Temeke)



Maana za istilahi zimo kwenye makabrasha yenu. Kwa kifupi, kiumbe vamizi ni mgeni aliyezaana hadi akawabana wenyeji. Mfano mnao juu ya mabati: kunguru weusi, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wasiobagua mjusi, chura wala kifaranga. Wamewahi kutegwa na kuwekewa sumu, lakini jalala likibaki wazi wanarudi. Hilo mnalimudu kuliko mimi.

Muda uliobaki nauombea matope.

Kuvu ya kitridi hushambulia ngozi ya chura, ambayo ndiyo anayonywea maji na kuwianisha chumvi za mwili. Ngozi ikiharibika, moyo husimama. Kuvu hii husafiri katika maji na tope bichi, maana yake nyavu, ndoo na gambuti zetu.

Mto Kihansi mnaukumbuka. Chura wake wa manjano, asiyefika sentimita 3, anayezaa badala ya kutaga, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yalipungua mno, yakafungwa mabomba ya kunyunyizia. Katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Januari 2004 walionekana watatu. Dawa za kilimo zilizotoka na tope la bwawa nazo zimetajwa, na mjadala wa kipi kilichangia zaidi haujaisha; ila kitridi ilikutwa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Waliomwokoa ni vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Wazao wao 100 walirudi mwaka 2010, wakalelewa hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Kila nikilisema hili naambiwa: “Mtaalamu, Dar joto, hiyo kuvu haiwezi.” Ni kweli hustawi kati ya nyuzi 17 na 25, na joto letu huidhoofisha. Lakini gari lililokanyaga tope la Pande au bonde la Msimbazi Ijumaa, Jumapili liko Uluguru, kwenye ubaridi na vyura wasiopatikana kwingine kokote duniani. Joto la Dar halipandi nalo. Tukirudi, tunabeba kuvu ya huko.

Bila kunyooshea kidole taasisi yoyote, niliwahi kuombea kifungu cha jiki na brashi za kusafishia gambuti katika bajeti ya safari. Kilikatwa kwa maelezo kuwa ni “vifaa vya usafi wa ofisi”. Posho za watu wanane zilipita.

Napendekeza, kwa heshima zote, kwamba kila gari la kazi za nje libebe brashi, ndoo na jiki. Tope lisuguliwe kwanza, ndipo jiki itumike, kwa kuwa tope huila nguvu. Maji ya jiki yasimwagwe mtoni, yataua vyura tunaowatetea. Gambuti na nyavu zianikwe juani hadi zikauke kabisa. Kukauka huiua kuvu hii, na jua la Temeke halina kifungu. Vibali vya utafiti vinavyopitia taasisi za TAWIRI na COSTECH viweke usafishaji kuwa sharti. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wasitoke bondeni bila kusugua viatu. Chura asihamishwe kutoka kijito kimoja kwenda kingine, hata kwa nia njema. Majalala yafunikwe, maana kunguru bado wapo. Narudia la jiki: iingie kwenye bajeti ya mafuta ya gari, si ya usafi. Mhasibu akihoji, aambiwe gari halitoki bila vyote viwili.