Gharama ya Viatu vya Kudumu



Tumeombwa tuseme machache juu ya viatu, jambo lionekanalo dogo mpaka mtoto arudipo kutoka shuleni soli i mkononi.

Katika kisiwa chetu cha Mombasa, unyevu wa chumvi na jasho hula uzi na ngozi, na vichochoro vya kutoka Ndia Kuu hadi Kuze havina huruma. Wazee wetu walivaa makubadhi yaliyoshonwa kwa mkono. Yalipokatika, fundi aliyashona tena. Lakini kiatu kilichogandishwa kwa gundi tu, kikiachana, huenda fundi akakosa pa kutia sindano.

Na tufanye hesabu. Viatu vya shilingi 800 vikidumu miezi 4, kila mwezi ni shilingi 200. Vya shilingi 3,000, vikitiwa soli mpya kwa shilingi 600 na kudumu miaka 2, kila mwezi ni shilingi 150. Basi maskini ndiye alipaye zaidi, si kwa ujinga, bali kwa kuwa hana shilingi 3,000 kwa mara moja.

Hapo ndipo ulipo wajibu wetu. Twaomba mkutano huu ukubali mfuko wa chama ukopeshe fedha za viatu vya shule bila faida, zirudishwe kidogo kidogo. Wala asikope mtu kwa ajili ya fahari. Na kabla ya kununua, tukunje soli, tutazame mshono, tumwulize fundi.