KABATI LA VITABU LIFUNGULIWE

(Maneno aliyoyasema mmoja wetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani.)

Ndugu Mkuu wa Shule, ndugu walimu, wazee wenzangu tuliokula maharage ya shule hii, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti tumevikalia sisi:

Nina habari moja tu. Mtoto akisoma kitabu kikampendeza sana, haupiti muda atataka kutunga cha kwake. Tamaa hiyo ni ya kulindwa, maana hufa upesi.

Ngugi wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki mwaka 2025, alisoma utotoni Treasure Island, ile hadithi ya maharamia ambayo kwa Kiswahili iliitwa Kisiwa chenye Hazina. Akatamani kuandika kitu kama kile. Lakini, kama alivyoeleza katika kumbukumbu alizozitoa mwaka 2010, alidhani mtu hawezi kuandika kitabu bila kibali, na asiye nacho atafungwa! Wakabishana na mwenzake. Mnacheka, lakini Kenya ya siku zile ilikuwa katika hali ya hatari, na Mwafrika hakwenda popote bila kipande. Tena Desemba 1977, mtu mzima sasa, alitiwa kizuizini kweli, baada ya mchezo wake wa Kigikuyu kuchezwa Kamiriithu. Humo ndani akaandika riwaya juu ya karatasi za chooni.

Walimu wengine husema, "Insha hii umeiga." Naam, ameiga. Aanzie wapi? Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Yeyote aliyemsoma Sherlock Holmes atamtambua Bwana Msa na kiko chake, na Najum pembeni yake. Lakini mambo wanayoyachunguza ni ya Unguja, na watu wanaoogopa mzimu ni majirani zetu. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela. Kule ndugu wabaya waligeuzwa mbwa. Yeye akawafanya manyani. Nani leo anamwita mwigaji?

Mimi si wa kutajwa pamoja na hao. Nilikuwa karani bandarini, nikaandika barua magazetini na hadithi fupi chache. Lakini hata hicho kidogo kilianzia bwenini hapa, tulipokuwa tukipokezana Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kimoja kwa vijana kumi na wanne, na kurasa za mwisho zimekwisha kung'oka. Wale mabwana tuliwaacha wamefungiwa ndani ya mlima pamoja na almasi zao. Basi kila mtu ilimpasa awatoe kwa akili yake, na taa zikizimwa tulisikilizana. Mwisho wenyewe nilikuja kuusoma nikiwa na watoto watatu. Kusema kweli, wa rafiki yangu mmoja aliyelala kitanda cha juu ulikuwa mzuri zaidi.

Sasa, jana nilipita maktaba. Kabati la hadithi lina kufuli. Nimeambiwa hufunguliwa mitihani ikiisha, ili vijana wasipoteze wakati. Ndugu Mkuu, nafahamu uzito wa mitihani. Mtoto akianguka, wazazi hawaji kwangu, wanakuja kwako. Lakini mitihani ikiisha wanafunzi huenda makwao. Kabati hilo linafunguliwa kwa ajili ya nani?

Sisi wa darasa letu tumechanga tukanunua vitabu arobaini, vimo katika boksi lile karibu na mlango. Sharti letu ni moja: visitiwe kufuli. Daftari la kuazimia washike wanafunzi wenyewe. Vikichanika tutaleta vingine.

Na yule kijana aliyeniuliza nilipokuwa naingia kama vimo vya upelelezi: vimo kumi na kimoja.