Tuwahesabu Watoto Wangali Hai

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Tanga mbele ya walimu na watumishi wa umma, siku chache kabla ya sikukuu ya Idd.)



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa watoto wakati wa sikukuu. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku linapoua. Ndipo zinapotolewa rambirambi, zinapogawiwa sanda, na yanaposemwa yale maneno tuliyokwisha kuyazoea: ajali haina kinga. Leo nataka kueleza kwamba kwa ajali ya namna hii maneno hayo si kweli. Kinga ipo, tena ni rahisi, na sehemu yake kubwa imo mikononi mwa watu waliomo chumbani humu.

Tarehe 1 Oktoba, 2008, ilikuwa siku ya Idd el Fitr. Mjini Tabora watoto wengi walikusanyika katika ukumbi wa Bubbles kwa ajili ya dansi la mchana, lile tunaloliita disko toto. Ukumbi ukajaa kupita kiasi, hewa ikawa haba, na watoto wapatao 20 wakapoteza maisha. Kilichowaua ni wingi wao wenyewe, ndani ya nafasi isiyowatosha. Walikuwa wameaga nyumbani kwamba wanakwenda kula sikukuu.

Asiseme mtu kwamba Tabora ni mbali. Nani kati yetu hajaona jinsi watoto wanavyomiminika siku ya Idd kutoka mitaa ya Ngamiani, Makorora na Chumbageni, wengine wakielekea Tangamano, wengine Raskazone? Popote watu wengi wanapokutana na njia moja nyembamba, iwe ni lango la uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi kubwa au kivuko cha Pangani jioni ya sikukuu, mkasa wa Tabora unaweza kurudiwa.

Ndugu zangu, kwanza tulitazame neno. Magazeti na redio huliita tukio la namna hii mkanyagano. Neno hilo humfanya msikilizaji aone kundi la watu waliopandwa na wazimu, wakikanyagana kama ng'ombe waliokurupushwa. Kwa hiyo kabla maiti hazijazikwa, lawama imekwisha kuwaangukia marehemu: hawakuwa na subira, hawakuwa na adabu. Lakini waliouchunguza msiba huu katika nchi mbalimbali wameeleza mambo mengine. Wengi wa wanaokufa hawakanyagwi. Hubanwa. Kifua kisipopata nafasi ya kutanuka, pumzi haiingii, na dakika chache tu humtosha mtu kuzimia na kufa, pengine akiwa bado amesimama wima kwa sababu hapana hata mahali pa kuanguka.

Wataalamu wanasema kwamba watu wanapofikia saba katika mita moja ya mraba, kundi huacha kuwa kundi la watu na huanza kwenda kama maji. Hapo hakuna tena hiari ya mtu mmoja mmoja. Aliye nyuma hajui kwamba mbele kuna anayekufa. Aliye mbele hawezi kurudi. Adabu ya mtoto haiwezi kumwokoa mahali hapo. Kilichoweza kumwokoa ni hesabu iliyopaswa kufanywa saa nyingi kabla.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukumbi wenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 10 una mita za mraba 150. Tukiwaruhusu watoto wawili kwa kila mita, wapate kucheza na kupumua, ukumbi huo ni wa watoto 300. Mlango wenye upana wa mita moja hupitisha watu wapatao 80 kwa dakika, nao wakienda kwa utulivu. Kwa hiyo watoto 300 wenye mlango mmoja wanahitaji karibu dakika nne kutoka. Wakiingizwa 800, wanahitaji dakika kumi. Mwalimu yeyote wa darasa la tano anaweza kuifanya hesabu hii ubaoni. Swali ni nani anayeifanya penye mlango wa ukumbi.

Mwenye ukumbi haelekei kuifanya. Kila tiketi inayouzwa ni fedha kwake, na mtu hapewi kazi ya kujipunguzia faida bila msimamizi. Ndiyo maana kibali hutolewa na ofisi ya umma. Lakini kibali kisichotaja idadi ya watu, upana wa milango na jina la anayesimamia si kibali, ni stakabadhi tu.

Tazameni jinsi mambo yanavyojirudia. Tarehe 1 Februari, 2020, kwa jirani zetu wa Moshi, watu 20 walikufa katika uwanja wa Majengo, pale umati uliokuja kwenye ibada ulipokimbilia kupita mahali palipomwagwa mafuta ya upako. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, mjini Kampala, watu wapatao 10, wakiwamo watoto, walikufa katika jengo la biashara la Freedom City walipokuwa wakienda kutazama fataki. Wengine walikuwa waumini, wengine walikuwa katika starehe. Yaliyowakuta ni mamoja: watu wote waliitwa kwa wakati mmoja kuelekea mahali pamoja, na njia haikutosha.

Wala si ugonjwa wa Afrika peke yetu. Mwaka 1883, katika mji wa Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa ngazini baada ya onyesho, kwa sababu ilitangazwa kwamba zawadi zinagawiwa ukumbini chini, na mlango uliokuwa mwisho wa ngazi ulikuwa umekazwa kwa komeo ukaacha upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja. Waingereza walilia kama tunavyolia sisi. Lakini baada ya kilio walitazama mlango. Ndipo ilipowekwa sheria juu ya milango ya kumbi kufungukia nje, na baadaye yakaenea makomeo yanayofunguka kwa kusukumwa na mwili.

Nchi hiyohiyo inatupa pia funzo la aibu. Mwaka 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, ulitokea msongamano uliosababisha vifo vya mashabiki 97. Polisi waliwalaumu mashabiki. Ilichukua miaka 27, mpaka 2016, kwa baraza la wazee wa mahakama kutamka kwamba mashabiki hawakuwa na kosa, na kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria. Polisi walikuwa wamefungua lango kubwa bila kuziba njia iliyokuwa ikielekea sehemu iliyokwisha kujaa. Wazazi wakazeeka wakitafuta neno moja la haki. Lawama inapotupwa kwa waliokufa, aliye hai hajifunzi lolote.

Na sisi baada ya Tabora tulijifunza nini? Lililobaki likisikika karibu na kila sikukuu ni tangazo la polisi katika mikoa mbalimbali: disko toto marufuku. Silibezi tangazo hilo. Limefunga milango ambayo ilistahili kufungwa. Lakini marufuku humwambia mtoto mahali asipokwenda, haimwambii aende wapi. Mtoto amekwisha kuvaa nguo mpya, amekwisha kupewa mkono wa Idd, na mama yake yumo jikoni na wageni. Atakwenda mahali. Mtoto wa mwenye gari atapelekwa hotelini ufukweni. Mtoto wa mchukuzi na wa mama muuza mihogo atafuata wenzake kokote muziki unakolia, hata ikiwa ni uani kwa mtu, penye lango moja la bati. Hapo hapana kibali kabisa, kwa hiyo hapana hata wa kuulizwa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa Ndugu zangu wa halmashauri na ofisi za kata. Andikeni idadi ya watu katika kila kibali, na ibandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Kagueni milango kabla ya sikukuu, si baada ya mazishi. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli uhesabiwe kuwa haupo.

La pili ni viwanja. Kila kata ina shule, na kila shule ina uwanja usio na dari wala mlango mwembamba. Viwanja hivyo vifunguliwe siku ya sikukuu kwa pembea, ngoma, mashindano ya mbio na michezo ya watoto. Najua walimu mtasema: na sisi tuna watoto, na sisi tuna sikukuu. Ni haki yenu kusema hivyo, wala si uungwana kumbebesha mwalimu kila mzigo wa nchi. Basi kamati za shule zigawane zamu za saa mbili mbili pamoja na wazazi na vijana wa mtaa, na halmashauri itenge posho. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na gharama ya msiba mmoja.

La tatu ni la walimu peke yao, nalo linahitaji nusu saa tu kabla ya kufunga shule. Wafundisheni watoto kwamba wakibanwa waweke mikono mbele ya kifua ili kulinda pumzi. Wasiinamie kiatu wala shilingi iliyoanguka. Wasishindane na umati, bali wasogee kidogo kidogo kwa mshazari kuelekea pembeni, mbali na ukuta. Na aliyeanguka ainuliwe mara moja. Wafundisheni pia kwamba kuondoka mahali palipojaa si woga.

Ndugu zangu, tunaamini kwamba kila nafsi itaonja mauti, na siku ya mtu haijulikani. Lakini imani hiyo haikuwekwa ili kumfichia mzembe kosa lake. Aliyeuza tiketi mia tano kwa ukumbi wa watu mia mbili hakutumwa na majaliwa. Naye aliyetia saini bila kwenda kuuona ukumbi ana sehemu yake.

Mwezi utaandama wiki hii. Zimebaki siku chache za kutembelea kumbi, kupima milango na kufungua viwanja. Tuwahesabu watoto wetu wakati wangali wanacheka, ili asije mtu akalazimika kuwahesabu katika chumba cha maiti.