Jifunze Kusimama Kabla ya Kukimbia



Leo tuzungumze juu ya kusimama. Wengi wenu mnatafuta leseni ili mpate kazi ya bodaboda. Ni kazi halali. Huku vijijini pikipiki ndiyo inayomfikisha mgonjwa zahanati usiku. Lakini vijana wengi hufundishwa na rafiki kwenye uwanja wa mpira, siku mbili tu. Wanafundishwa kuwasha, kuingiza gia na kukimbia. Kusimama hawafundishwi. Siku ya tatu wanapakia abiria!

Haya, tupige hesabu. Pikipiki ikienda kilometa 30 kwa saa, kila sekunde inapita meta 8 na kidogo. Ikienda kilometa 60 kwa saa, inapita karibu meta 17. Sasa mtoto anatokea ghafula barabarani. Jicho linamwona, akili inaamua, mkono unashika breki. Hiyo ni kama sekunde moja. Kwa mwendo wa 60, umekwisha kupita meta 17 na breki haijaanza kukamata.

Na breki zikikamata, pikipiki haisimami hapo hapo. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama kwa breki huzidi mara nne. Tuseme barabara ni kavu, na kwa mwendo wa 30 breki zinahitaji meta 6. Kwa mwendo wa 60 zitahitaji meta 24. Jumlisheni. Wa mwendo wa 30 anasimama baada ya meta 14. Wa mwendo wa 60 anasimama baada ya meta 41. Kama mtoto yuko meta 20 mbele, nani atamgonga?

Ndiyo maana sheria ya Tanzania inataka tusizidi kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Karibu na shule au soko, hata 50 ni nyingi mno.

Sasa breki zenyewe. Ziko mbili. Ya mbele unaibana kwa mkono wa kulia. Ya nyuma unaikanyaga kwa mguu wa kulia. Watu wengi huiogopa ya mbele, wanasema inaangusha. Lakini ukifunga breki, uzito hukimbilia mbele, kama maji kwenye ndoo mbebaji anaposimama ghafula. Tairi la mbele hukandamizwa chini, nalo ndilo lenye nguvu kubwa ya kusimamisha. La nyuma huwa jepesi, likateleza upesi.

Basi tumia breki zote mbili pamoja. Ya mbele ibane taratibu, kisha ongeza nguvu. Usiinyakue. Kinachoangusha ni kuinyakua, au kuibana kwa nguvu ukiwa umelala kwenye kona.

Kwenye changarawe, mchanga au matope tairi hazishiki vizuri. Punguza mwendo mapema, kabla ya kufika kwenye kona, pikipiki ikiwa bado imenyooka. Mvua inapoanza tu, vumbi na mafuta barabarani hugeuka utelezi. Na ukibeba abiria au gunia, pikipiki ni nzito. Acha nafasi kubwa zaidi mbele yako.

Kofia ngumu ivaliwe na wewe na abiria wako, mkanda ukiwa umefungwa chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kichwani kabla hujafika chini.

Fanyeni zoezi hili, mwalimu akiwapo. Chomekeni kijiti pembeni mwa uwanja. Njoo kwa mwendo wa 20. Ukifika kwenye kijiti, funga breki zote mbili. Shuka, hesabu hatua kutoka kijitini hadi uliposimama. Kisha rudia kwa mwendo wa 30. Utaona mwenyewe hatua zinavyoongezeka. Baadaye jaribuni polepole kwenye changarawe.

Msiingie barabarani bila leseni ya kujifunzia. Na kabla ya kwenda kwa mtahini, kila mmoja ajiulize: Je, naweza kusimama mara kumi mfululizo, nimenyooka, bila kuteleza? Kama bado, rudi uwanjani. Abiria atakayekaa nyuma yako hana breki. Anategemea zako.

Sasa nangoja maswali.