Mkono na Moyo wa Mshonaji
(Maneno ya karani mmoja wa mgodi kwa wafanyakazi na wakaaji, Rurambo)



Jumapili iliyopita nilishuka kutoka milima yetu hii hadi Uvira, nikaingia katika onyesho la kazi za sindano. Kitambaa kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa na maua ya waridi, mishono yake sawa kabisa. Kando yake palikuwa na kingine, pindo lake limepinda kidogo: mtumbwi usiku, taa, na ndagala wanaokuja kwenye mwanga. Wengi walikipita. Mimi nilisimama.

Nikauliza, maua haya yametoka wapi? Wakajibu, yamefuatishwa kutoka karatasi. Desturi hiyo ni ya zamani. Ng'ambo ya ziwa, Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, tangu mwaka 1946 wanawake wa mji walifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi katika nyumba ya Wabelgiji iliyoitwa Foyer Social. Ufundi ule ulikuwa wa kweli. Lakini mfano wa mke mwema ulikuwa umekwisha kukatwa. Wao walitakiwa kuushona tu.

Sasa tazameni Wakuba wa Kasai. Wanaume hufuma kitambaa cha rafia. Wanawake hukitarizi, hukata ncha za nyuzi kwa kisu hata ziwe laini kama mahameli. Hawachori kwanza, mapambo yamo kichwani mwao. Matisse, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, alitundika vitambaa hivyo ukutani kwake.

Ndugu, msinielewe vibaya. Sitetei pindo lililopinda. Mkono usiofunzwa hauwezi kutoa lililo moyoni. Lakini mkono uliofunzwa kufuatisha tu hutoa la mwingine. Mimi mwenyewe ni shahidi. Shule ya misioni ilinipa mwandiko mzuri. Miaka mingi nimenakili hesabu za mgodi, na wakubwa wameusifu mwandiko. Hakuna aliyeniuliza naonaje hesabu zile, wala mimi sikufungua kinywa. Leo, mbele yenu, ndiyo mara ya kwanza.

Basi tuwafundishe binti zetu mshono ulio sawa, tena tusiwaonee haya wakiufungua na kuurudia. Halafu tuwape kitambaa cheupe, bila karatasi ya kufuatisha.

Kile cha mtumbwi nilikinunua. Kiko mezani pangu, chini ya kitabu cha hesabu.