Mara na Msimu Ule wa Biashara

Msikilizaji wa Itiryo, Tarime, matokeo ya Ligi Kuu yamesomwa, na Biashara United haimo. Inauma. Msimu wa 2020/21 timu hiyo ya Musoma ilimaliza ya nne, ikaingia Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 ikaichapa Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 pale Uwanja wa Mkapa. Mkoa mzima wa Mara tulishangilia! Marudiano hayakuchezwa, Biashara haikufika Libya kwa matatizo ya safari, ikaondolewa. Msimu huo wa 2021/22 ikashuka daraja.

Lakini vipaji tunavyo. Jioni huku Tarime watoto wanacheza peku, mpira wa manailoni uliofungwa kamba, goli mawe mawili. Viongozi wa soka Mara, siku yetu ikirudi, tiketi na vibali vya safari vishughulikiwe mapema kabla ya kikosi kutajwa.